Mkaguzi mdogo Mtwara: mwongozo kamili wa mwaka wa kwanza kwenye ofisi ya uhasibu

Siku yako ya kwanza utakabidhiwa boksi. Mara nyingi ni boksi la sabuni au la maji ya kunywa lililofungwa kwa kamba, na ndani yake umo mwaka mzima wa biashara ya mtu: risiti za EFD zilizojikunja, ankara za saruji, vocha zisizo na namba, na vikaratasi vya "nimempa dereva 20,000 ya dizeli". Utaambiwa uzipange. Ukijiona umeonewa kwa sababu una shahada, subiri kidogo. Wote tulianzia hapo, na wengine tulikaa hapo miezi mitatu.

Mwongozo huu ni wa kijana aliyemaliza uhasibu au anayekaribia kumaliza, awe wa TIA kampasi ya Mtwara, wa Stella Maris au wa chuo cha mbali, anayetaka kuingia kwenye ofisi ya wahasibu huku kusini. Nimeifanya kazi hii Mtwara mjini na nimetumwa Masasi, Newala, Tandahimba, Lindi mpaka Nachingwea. Ofisi za huku ni ndogo: mbia mmoja au wawili (ndio wenye ofisi), viongozi wa timu wachache, na vijana. Udogo huo una faida yake. Ndani ya mwaka mmoja utashika ukaguzi, vitabu, mishahara na kodi, wakati mwenzako wa ofisi kubwa ya Dar es Salaam anaweza kumaliza msimu mzima kwenye mali za kudumu peke yake.

Hatua ya 1: Elewa unamfanyia nani kazi

Anayesimamia taaluma yetu ni NBAA, Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972. Kusaini ripoti ya ukaguzi kunamhitaji mwenye CPA, yaani aliyefuzu mitihani ya juu ya uhasibu ya Bodi, aliyesajiliwa na Bodi kufanya kazi hiyo kwa umma. Wewe hutasaini chochote. Unamkusanyia ushahidi mtu atakayeweka jina lake chini ya ripoti, ambaye hatakuwepo ghalani siku ile, wala hataiona ile vocha mpaka uimweleze. Hilo likikukaa kichwani, mambo mengine yote ya kazi hii yanakuwa rahisi kueleweka, pamoja na sababu ya kiongozi wa timu kukurudishia karatasi mara nne.

Ofisi nyingi huku zinafanya kazi tatu kwa pamoja: ukaguzi, uandaaji wa vitabu, na kodi. Uliza mapema kila mteja yuko kwenye kapu gani. Huwezi kumwandikia mtu leja mwezi wa pili kisha mwezi wa nne ukajifanya mkaguzi huru wa leja ileile. Na vyama vya ushirika vina mkaguzi wao wa siku nyingi, COASCO, kwa hiyo AMCOS, yaani chama cha msingi cha wakulima, inapokuja kwenye ofisi binafsi, mara nyingi inakuja kutafuta msaada wa kuweka vitabu sawa kabla ya kukaguliwa.

Hatua ya 2: Omba nafasi kwa wakati wake

Wateja wengi wanafunga mwaka Desemba 31, na ritani yao ya mwisho ya kodi ya mapato inatakiwa ndani ya miezi 6, yaani mwisho ni Juni 30. Kwa hiyo kuanzia Januari mpaka Juni ofisi inawaka moto. Ukipeleka barua Mei hakuna atakayeisoma. Nenda Novemba, wakati mbia anahesabu vijana alionao na kazi zinazokuja.

Wanafunzi wa fildi wanaokuja kuanzia Julai wanakutana na kundi jingine, la miradi, mashirika na baadhi ya shule zinazofunga mwaka Juni 30. Si mbaya, ila usiondoke ukidhani umeona kazi yote.

Peleka barua kwa mkono. Vaa kawaida, safi, shati la kuchomekea linatosha. Ukiitwa, uwezekano ni mkubwa utapewa kikaratasi chenye miamala 10 uiingize debiti na krediti papo hapo, utoe urari. Watu wenye GPA nzuri wameanguka hapo kwa sababu walizoea programu iwafanyie. Na kabla hujakubali, uliza habari ya posho. Kuna sehemu wanafunzi wa fildi wanapata nauli tu, kuna sehemu hawapati hata hiyo. Kuuliza si tamaa. Kumaliza mwezi unakula kwa mkopo kwa mama ntilie wa Chikongola ndiko kunakoharibu kazi.

Hatua ya 3: Boksi

Panga kwa mwezi kwanza, ndipo upange kwa aina. Ukianza na aina utajikuta umetandaza meza nzima na hujui Machi iko wapi.

Risiti ya EFD imechapwa kwenye karatasi inayofifia kwa joto, na joto la Mtwara unalijua. Ya Februari iliyokaa kwenye dashibodi ya gari ikifika Agosti ni karatasi nyeupe. Mteja anatakiwa kutunza kumbukumbu zake kwa miaka 5, kwa hiyo kazi ya kwanza kwenye boksi lolote ni kutoa kopi ya kila risiti ya EFD na kuibana pamoja na ya asili. Mbia akilalamika wino, mwonyeshe moja iliyofifia.

Unapoishika risiti tazama vitu vitatu: tarehe, jina na TIN ya mnunuzi, na kiasi cha VAT. Madereva na vibarua wana tabia ya kununua vitu vya kampuni bila kutaja TIN, na risiti isiyo na jina la mteja wako ni mgogoro siku ya kudai VAT ya manunuzi. Dai hilo pia lina ukomo wa miezi 6. Ukikuta risiti ya mwezi wa nne chini ya boksi mwezi wa tisa, bado ina uhai, ila mwambie mtu leo.

Usitupe kitu. Hata kile kikaratasi cha dizeli. Kwa kodi hakina nguvu, lakini kwa kuelewa kwa nini keshi ilipungua siku fulani kinaweza kuwa ndicho pekee kinachozungumza.

Hatua ya 4: Usuluhisho wa benki, mpaka uuweze usiku gizani

Usuluhisho ni kulinganisha daftari la benki la mteja na taarifa ya benki mpaka vikubaliane. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kijana anapotofautishwa.

Chukua mfano wa duka la pembejeo Masasi, linalouza salfa na dawa za mikorosho. Mwisho wa Novemba daftari lao la benki linasema wana 8,462,000. Taarifa ya benki inasema 9,117,500. Tofauti ni 655,500, na mwenye duka amefurahi kwa sababu benki wamempa zaidi.

Anza upande wa benki. Weka tiki kila kiasi kinachoonekana kote kuwili, kisha tazama kilichobaki bila tiki. Cheki namba 000214 ya 1,250,000 imeandikwa kwenye daftari lakini aliyelipwa hajaipeleka benki: toa. Mauzo ya jioni ya tarehe 30 yaliyowekwa kwa wakala, 640,000, yamesomeka benki Desemba 1: jumlisha. Unapata 8,507,500.

Rudi upande wa daftari. Makato ya benki 14,500 hayajaandikwa: toa. Mteja mmoja wa Nanyumbu amelipa deni lake moja kwa moja benki, 150,000, na keshia hana habari: jumlisha. Sasa daftari linasema 8,597,500. Limezidi benki kwa 90,000.

Hapo ndipo kijana mvivu anapoandika "tofauti ndogondogo 90,000" na kwenda kunywa chai. Gawanya 90,000 kwa 9. Inagawanyika bila baki, unapata 10,000. Tofauti inayogawanyika kwa 9 inanong'ona kwamba huenda kuna mtu amepindua tarakimu. Tafuta malipo ambayo tarakimu mbili za jirani zimepishana kwa 1. Utakuta cheki ya 543,000 imeandikwa kwenye daftari 453,000. Toa 90,000, na pande zote mbili zinasoma 8,507,500.

Kuna mbinu nyingine ya haraka: gawanya tofauti kwa 2, kisha tafuta hicho kiasi. Ukikikuta, kuna kitu kimeingizwa upande usio wake. Na kama tofauti ni kiasi kamili kinachoonekana mahali, kuna mstari umerukwa. Hizi nilifundishwa na dada mmoja ambaye hakuwa na shahada, alianzia ukeshia, na aliyekuwa akimaliza usuluhisho wa miezi 12 kabla sisi wenye majoho hatujamaliza miwili.

Usiondoke bila kufuatilia ile cheki 000214 kwenye taarifa ya Desemba. Ikikaa miezi sita bila kwenda benki, swali linabadilika: je, kweli ilitoka ofisini, au iko kwenye droo ya keshia ikisubiri kufutwa?

Hatua ya 5: Tarehe 7 na tarehe 20

Ziandike ukutani. Ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha: kodi ya mshahara PAYE, tozo ya ujuzi SDL kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi, na kodi ya zuio, ile ambayo mlipaji anaikata kwenye malipo ya mtu na kuipeleka TRA. Tarehe 20: ritani ya VAT. Michango ya NSSF, ambayo jumla yake ni asilimia 20 ya mshahara, na ya WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, asilimia 0.5, nayo ina muda wake kila mwezi. Kwa anayefunga mwaka Desemba, kodi ya makadirio inalipwa kwa awamu nne: Machi 31, Juni 30, Septemba 30 na Desemba 31.

Kosa la kila kijana ni kwenye zuio. Lile duka la Masasi limeletewa ankara ya kampuni ya ulinzi, 1,180,000 pamoja na VAT ya asilimia 18. Kijana anakata asilimia 5 ya 1,180,000. Sivyo. Ondoa VAT kwanza: huduma ni 1,000,000, VAT ni 180,000. Zuio ni asilimia 5 ya 1,000,000, yaani 50,000. Kampuni ya ulinzi inalipwa 1,130,000, na 50,000 inakwenda TRA kwa jina lake. Kwa pango, asilimia ni 10. Hivi viwango vinaguswaguswa na Sheria ya Fedha ya kila mwaka, inayoanza Julai 1, kwa hiyo kila mwanzo wa Julai soma upya kabla hujakokotoa chochote.

Usisubiri tarehe 20 jioni kuingia kwenye mfumo. Nchi nzima inaingia muda huo.

Hatua ya 6: Kwenda kwa mteja

Beba kikokotoo, kalamu za rangi mbili (nyekundu mwachie anayepitia kazi), karatasi tupu, chaja, na maji. Kwa Newala beba sweta, kule juu kuna baridi. Laptopu ijae chaji kabla ya kuondoka, umeme usiutegemee.

Ukifika, salamu kwanza. Keshia wa huku anaweza kuwa mama wa umri wa shangazi yako, ameshika hiyo keshi tangu hujaanza darasa la kwanza. Ukimkabili kwa "nionyeshe vocha zote za Novemba", utapata vocha tatu kwa siku. Mwamkie, kaa, muulize msimu unaendaje, kisha: "Mama, naomba unisaidie vocha namba 0140 mpaka 0160, nikimaliza nakurudishia zikiwa zimepangika." Halafu zirudishe kweli zikiwa zimepangika. Siku ya pili atakuletea mwenyewe, na atakueleza mambo ambayo hayapo kwenye faili lolote.

Omba nyaraka kwa orodha iliyoandikwa, ubaki na kopi, na weka tarehe kwenye kila ulichopokea. Siku mteja atakaposema "tulishawapa", utahitaji hiyo orodha.

Barua za uthibitisho, za kuwauliza mabenki na wadaiwa salio la mteja, zinatoka ofisini kwenu na majibu yanarudi ofisini kwenu, si kwa mteja. Mteja akisema "nipe tu nitapeleka mimi, nipo njiani", shukuru na ukatae. Zitume mapema pia. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokata barabara pale Somanga, bahasha zetu zilizokuwa kwenye basi zilikaa njiani na kazi ikakaa nazo.

Hatua ya 7: Ghala

Mikoa hii inaishi kwa mazao. Korosho kuanzia Oktoba, ufuta katikati ya mwaka, mbaazi na choroko zikifuatia. Mteja wako hata kama anauza nondo, mauzo yake yanapanda na kushuka na korosho. Kwa hiyo lazima uelewe safari ya gunia.

Kwa stakabadhi ghalani iko hivi. Mkulima anapeleka korosho AMCOS, zinapimwa, anapewa stakabadhi. AMCOS inazisafirisha mpaka ghala kuu, huko zinapimwa tena na kutolewa stakabadhi ya ghala. Zinauzwa mnadani chini ya chama kikuu. Kwa Masasi na Mtwara ni MAMCU, kwa Tandahimba na Newala ni TANECU, kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale ni RUNALI, na pwani ya Lindi kuna Lindi Mwambao. Mnunuzi analipa, makato yanatolewa, na fedha inashuka mpaka akaunti ya mkulima. Kila kituo kina karatasi yake na uzito wake. Kazi yako ni kuona uzito huo unaposhuka, umeshuka kwa sababu gani. Korosho inapokauka inapungua uzito, huo ndio unyaufu, na ni kitu halali. Lakini unyaufu pia ni kapu zuri la kufichia kilo zilizotoka kwa mlango wa nyuma. Linganisha unyaufu wa AMCOS jirani, za msimu uleule, zilizopeleka ghala lilelile. Anayezidi wenzake mara tatu ana maelezo ya kutoa.

Kuhesabu sasa. Viwango vya kimataifa vya ukaguzi, ISA 501, vinamtaka mkaguzi awepo mteja anapohesabu bidhaa kama bidhaa hizo ni kiasi kikubwa kwenye hesabu zake. Hiyo "mkaguzi awepo" maana yake ni wewe, Desemba 31, wakati wenzako wako Shangani ufukweni.

Fika kabla hawajaanza. Omba shughuli za kuingiza na kutoa mzigo zisimame. Kama haziwezi kusimama, andika namba ya hati ya mwisho ya kuingiza na ya mwisho ya kutoa, ili baadaye ujue gari lililotoka saa 9 alasiri limehesabiwa wapi. Mteja ahesabu, wewe utazame, kisha wewe uhesabu sampuli yako kwa njia mbili: chukua mistari kwenye orodha uende kuitafuta sakafuni, halafu chukua magunia sakafuni uyatafute kwenye orodha. Ya kwanza inakuonyesha kilichoandikwa ambacho hakipo. Ya pili inakuonyesha kilichopo ambacho hakijaandikwa. Vijana wanafanya ya kwanza na kuisahau ya pili.

Rundo usilipime kwa macho. Zidisha safu kwa safu, lakini panda juu uone kama katikati pamejaa. Pima magunia machache uone kama kweli yanafika kilo 80 zinazodaiwa. Sukuma gunia la chini kwa mguu. Na ongea na makuli. Makuli ndio waliopanga, wanajua kila gunia limekuja na gari gani.

Hili la makuli nililipia. Mwaka wangu wa kwanza nilitumwa kuhesabu kwa mbanguaji mmoja mdogo. Nilihesabu vizuri, nikapanda juu ya rundo, nikapima, nikasaini magunia 412, nikajisikia mkaguzi. Kesho yake kiongozi wangu akauliza swali moja: "Yote ni yake?" Nikasema yalikuwa kwenye ghala lake. Akasema, "Sijakuuliza yalikuwa wapi." Nikapanda bodaboda kurudi. Kuli wa kwanza niliyemuuliza alinyoosha mkono bila hata kufikiri: "Lile la ukutani? Magunia 60 ya mzee wa Nanyamba, kaomba kuhifadhiwa tu, paa lake linavuja." Hakuna aliyenidanganya. Hakuna niliyemuuliza. Tangu siku hiyo karatasi yangu ya kuhesabu ina mstari wa juu kabisa: mali ya nani, na nimethibitisha vipi.

Na ukikuta korosho ambazo hazina stakabadhi yoyote nyuma yake, zimenunuliwa kwa kipimo cha bakuli na kisado vijijini kabla ya msimu, unajua jina lake ni kangomba, na unajua haziruhusiwi. Usibishane na mtu pale ghalani. Andika ulichoona, mpigie kiongozi wako ukiwa umetoka nje.

Hatua ya 8: Kuhesabu fedha

Fupi tu. Usizishike peke yako hata dakika moja. Keshia ahesabu, wewe utazame, masanduku yote kwa wakati mmoja ili noti zisihame kutoka sanduku moja kwenda jingine. Vikaratasi vya "nimekopa 50,000" viorodheshe kivyake, si fedha hivyo. Fedha iliyoko kwenye simu ya ofisi au lipa namba ihesabiwe saa hiyohiyo. Mwisho keshia asaini kwamba fedha zote zimehesabiwa mbele yake na zimerudishwa kwake zote.

Hatua ya 9: Andika ili mwingine aweze kurudia

Kuna kiwango kinaitwa ISA 230. Kwa lugha ya nyumbani kinasema hivi: mkaguzi mwenye uzoefu ambaye hakuhusika na kazi hii akifungua faili lako, aelewe ulifanya nini, uliona nini na ulifikia uamuzi gani, bila kukupigia simu.

Kijana anaandika: "Nimeona vocha, iko sawa."

Andika hivi: "Vocha Na. 0147 ya 12/11, sh. 1,130,000, kampuni ya ulinzi, Oktoba. Ankara 1,180,000 imeambatanishwa na risiti ya EFD, TIN ya mteja ipo. Zuio 50,000 limekatwa na kuonekana kwenye ritani ya Novemba. Imeidhinishwa na meneja. Cheki 000209, imeonekana taarifa ya benki 15/11. Mkataba wa ulinzi umesomwa, kiwango kinalingana. Hakuna hoja."

Umechukua dakika nne zaidi. Mbia akiisoma usiku wa Juni 28 hana cha kukuuliza.

Kila karatasi juu iwe na jina la mteja, mwaka unaokaguliwa, kazi gani, umeandaa wewe lini, na nafasi ya anayepitia. Tiki zako zielezwe chini: hii maana yake nimeona ankara, hii nimejumlisha upya. Takwimu ulizopewa na mteja kwenye Excel, andika nani kakupa na lini, na zijumlishe upya, kwa sababu nimeshakuta jumla iliyoandikwa kwa mkono chini ya safu nzuri ya fomula. Ripoti ikishatoka, faili linatakiwa kufungwa ndani ya siku 60. Baada ya hapo hakuna kuchomoa wala kuchomeka.

Ukikosea, kata kwa mstari mmoja unaosomeka, andika sahihi pembeni, saini. Wino mweupe uache nyumbani.

Hatua ya 10: Mjomba, korosho na mdomo

Mtwara ni mji mdogo. Unayemkagua Jumatatu utakaa naye msibani Jumatano. Kuna mambo matatu hapa.

La kwanza ni ndugu. Kwa sisi wa kusini mjomba si mtu wa kupita, ndiye mwenye kauli juu yako. Ukipangiwa kazi ambayo mjomba ndiye mhasibu au mwenyekiti wa bodi, mwambie kiongozi wako siku hiyohiyo upangiwe kwingine. Usiseme "nitajitahidi kuwa wa haki". Hata ukiwa wa haki, nani atakuamini?

La pili ni zawadi. Soda na chai kunywa, kukataa maji ya mtu ni kumtukana. Lakini siku ya mwisho utaletewa mfuko wa korosho zilizobanguliwa, kilo tano, "za mama nyumbani". Jibu lililonisaidia: "Mzee, ahsante sana, ofisini kwetu kila kitu lazima kiandikwe, na mimi ndiye nitakayeandika." Wengi wanacheka na kuurudisha mfuko ndani. Asiyecheka, ubebe mpaka ofisini, umkabidhi kiongozi na uandike. Bahasha haina mjadala.

La tatu ni siri. Usipige picha nyaraka za mteja kwa simu yako ukazirusha kwenye kundi la WhatsApp, hata kama ni kundi la timu. Usitaje mteja kwenye daladala. Mshahara wa meneja ukivuja mtaani, watu watahesabu nani walikuwa na karatasi ya mishahara wiki ile, na jibu ni wewe.

Hatua ya 11: Mitihani ya Bodi

Mitihani ya NBAA iko Mei na Novemba. Angalia ratiba hiyo kwa jicho la kusini: Mei umezama kwenye hesabu za Desemba, Novemba korosho zimepamba moto. Hakuna wakati mzuri, usiusubiri. Mwenye shahada ya uhasibu kwa kawaida anaanzia ngazi ya kati, kisha ngazi ya mwisho; wengine wanaanzia msingi.

Mimi nilisoma saa 10 alfajiri mpaka 12, kabla ya baridi ya asubuhi kuisha na kabla simu hazijaanza. Jioni nilijaribu, nikawa nalala juu ya kitabu. Mwambie bosi tarehe zako miezi mitatu kabla, kwa maandishi, ili likizo yako iingie kwenye mpango wa kazi. Ukimwambia wiki mbili kabla, atakubali kwa mdomo na kukutuma Liwale.

Na chagua masomo yanayoendana na kazi uliyonayo mkononi. Mwaka uliokokotoa zuio la wateja 20 ndio mwaka wa kufanya karatasi ya kodi.

Hatua ya 12: Kabla mwaka haujaisha

Kufaulu mitihani yote hakukupi peke yake usajili kamili wa ACPA, yaani wa mhasibu mwenye CPA. Bodi inataka na uzoefu wa kazi wa miaka 3 chini ya usimamizi. Uzoefu huo unathibitishwa na mtu, na watu wanahama. Fungua daftari leo: mteja kwa herufi zisizomtambulisha, kazi uliyofanya, siku ngapi, nani alikusimamia. Kila robo mwaka mpelekee kiongozi wako asaini. Niliyekuwa chini yake mwaka wangu wa pili alihamia nje ya nchi ghafla, na miezi 8 ya kazi yangu ikabaki kwenye barua pepe mbili na picha moja tuliyopiga tukiwa juu ya rundo la magunia Tandahimba. Ilinichukua karibu mwaka kumpata asaini.